Tumemfungia Mama Mlama Kitabuni

Mwulize mtu yeyote aliyesoma HKL au HGK kidato cha sita: Penina Muhando ni nani? Atakujibu bila kupepesa macho kwamba ni mwandishi wa Nguzo Mama. Mpe dakika moja zaidi, atakutajia dhamira, kisha wahusika kwa namba zao, Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, ambao walikaa vizuri sana kwenye daftari kwa sababu hata majina yao yamejipanga yenyewe. Atafunga na kile kipengele tulichokipenda sote kwa kuwa hakikutusumbua akili, 'ujumbe na mafunzo': wanawake washikamane. Alama zote hizo hapo.

Jibu hilo si la uongo. Tatizo lake ni kwamba limemchukua mwanamke aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuitoa sanaa ya maonyesho kitabuni, likamrudisha humo na kufunga mlango. Na waliofunga mlango si maadui zake. Ni sisi wanafunzi, walimu na wahakiki wa fasihi, tukisaidiwa na mashirika yanayosambaza fulana na vipaza sauti mikoani kwetu kwa jina la sanaa shirikishi. Sisi tumechukua maandishi yake tukayageuza maswali ya mtihani. Wao wamechukua namna yake ya kufanya kazi wakaigeuza tangazo. Naandika haya nikiwa na hasira kidogo, na sioni sababu ya kuificha.

Nguzo Mama ilichapishwa mwaka 1982. Mwaka huohuo mwandishi wake alikuwa anaanza kazi nyingine kabisa katika kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba. Malya ni stesheni kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Ukipandia Shinyanga mjini, ambako mimi nimekulia, kata ya Kambarage, treni inakupitisha Malampaka, kisha unafika Malya. Kwetu huko tulipafahamu kwa chuo cha michezo. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba jambo kubwa katika historia ya tamthiliya ya nchi hii lilifanyika pale, kwenye vumbi lilelile tunalolijua, na watu wanaofanana na shangazi zetu. Nililisikia mara ya kwanza Dar es Salaam, kwenye semina ya uzamili, kutoka katika kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Uppsala, Sweden, mwaka 1991. Kitabu ni chake mwenyewe, kwa jina la Penina Mlama. Yaani mwandishi aliyeshikilia Kiswahili katika tamthiliya zake zote, sisi watu wa Usukuma tunazisoma habari zetu kwake kupitia Sweden.

Turudi nyuma kidogo. Alizaliwa Berega, mkoani Morogoro, mwaka 1948. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha idara ya sanaa za maonyesho mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, naye ni wa kizazi cha mwanzo kupita hapo, kwanza kama mwanafunzi halafu kama mwalimu. Walichokikuta ni jukwaa la kurithi. Wazungu walikuwa na klabu zao za maigizo, kama Dar es Salaam Players. Shule za bweni zilikuwa na Shakespeare wao wa mwisho wa mwaka. Waafrika waliachiwa vichekesho. Mwalimu Nyerere, ambaye kata yetu na uwanja wetu wa mpira vimepewa jina lake la Kambarage, alikuwa ameshamtafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa, na ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kumbeba Shakespeare mgongoni bila kuyumba. Swali ambalo haikuliuliza ni kama jukwaa lenyewe, lile la pazia na viti vilivyopangwa vikitazama upande mmoja, ni letu.

Penina Muhando aliandika kwanza kwa ajili ya jukwaa hilo. Hatia ilitoka 1972, Tambueni Haki Zetu 1973, Heshima Yangu 1974, Pambo 1975, Talaka si Mke Wangu 1976. Ni kasi ya kutisha kwa mtu aliyekuwa katika miaka ya ishirini, umri wetu sisi tunaochukua mwaka mzima kusahihisha pendekezo la utafiti. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuchapisha tamthiliya kwa Kiswahili. Sifa hiyo ndiyo inayotajwa kila anapotambulishwa, na naomba tuipumzishe. Kuwa wa kwanza ni habari ya foleni. Inatuambia alifika lini. Haituambii alifanya nini alipofika.

Alichofanya, kwa maoni yangu, ni kuanza kulishuku jukwaa. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha Dar es Salaam mwaka 1983, inachunguza sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Iangalie mada hiyo taratibu. Msomi wa tamthiliya, mwenye vitabu madukani, anarudi kwa watu wa nyumbani kwao na kusema: hawa walikuwa na jukwaa na walikuwa na shule, na vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Ngoma, hadithi, unyago na majigambo havikuwa burudani ya kusubiria chakula. Ndivyo jamii ilivyojadiliana na kuonyana.

Msukuma hahitaji tasnifu kulijua hilo. Wazee wetu wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vyenye ushindani wa miaka mingi, na hadi leo hukutana Bujora mwezi wa sita kwenye sherehe za Bulabo. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji anapiga kura kwa miguu yake. Ukiwa na dawa, ukiwa na chatu, ukiwa na nyimbo za kumkejeli mpinzani, vyote ni halali ilimradi umati uhame kuja kwako. Kwa hiyo mtu anayekuja Usukuma akidhani hadhira ya hapa ni ya kukalishwa chini na kufikishiwa ujumbe, huyo amekosea njia tangu Tabora.

Malya, kati ya 1982 na 1983, Mlama alikwenda na wenzake wa chuo, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Hawakuwa na tamthiliya mkononi. Hili nalisisitiza kwa sababu yeye alikuwa nazo. Angeweza kubeba Pambo au Hatia, akawaonyesha wanakijiji, akapigiwa makofi na kurudi mjini na picha. Badala yake kazi ilianza kwa mazungumzo na uchunguzi: wanakijiji wenyewe wakataja yanayowasumbua, na lililopewa uzito likawa mimba za wanafunzi. Tatizo likachambuliwa nao. Onyesho likatengenezwa nao, kwa sanaa walizokuwa nazo. Wakaonyesha wao, kwa watu wao. Na onyesho lilipokwisha, kazi haikwisha, kwa sababu sehemu iliyofuata ilikuwa majadiliano: kwa nini haya yanatokea, nani anahusika, tufanye nini. Hata ufuatiliaji wa baadaye, katika kitabu chake, umehesabiwa kama hatua ya kazi yenyewe.

Sasa kumbuka Nguzo Mama. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo. Wanavutana, wanazuiwa, wanaachana, na nguzo haisimami. Mwandishi angeweza kuisimamisha kwa sentensi moja ya maelekezo ya jukwaani, na ingekuwa tamthiliya mbovu yenye ujumbe mzuri. Hakufanya hivyo. Aliiacha chini, mbele ya watazamaji. Mimi naamini tamthiliya ile na kazi ya Malya ni wazo moja lililofanywa mara mbili, mara moja kwa wino na mara moja kwa watu: mwisho si mali ya mtunzi. Wanaotazama ndio wenye kijiji, basi mwisho ni wao. Darasani sisi tulifundishwa kuisimamisha nguzo kwa niaba yao, kwa kalamu, ndani ya dakika arobaini: wanawake washikamane.

Kulikuwa pia na Paukwa, kundi aliloshiriki kulianzisha na wenzake wa chuo mwanzoni mwa miaka ya themanini. Jina lenyewe ni la msimuliaji anayesubiri kuitikiwa. Tamthiliya ya Ayubu ilitoka kwa jina la kundi. Na Harakati za Ukombozi ya 1982 ina majina matatu, lake, la Lihamba na la Ndyanao Balisidya. Huyu si mtu aliyekuwa anajijengea sanamu. Sisi ndio tuliomjengea, halafu tukaenda kuchimba msingi wa kitu kingine.

Hicho kitu kingine nimekiona kwa macho yangu, na hapa sitataja shirika wala kijiji.

Ilikuwa siku ya mnada, upande wa Geita, mahali ambapo watu wanaishi kwa duara na mwalo, na karasha zinasaga mawe mchana na usiku hadi unazoea kuongea kwa kupaza sauti. Nilikuwa likizo na nimepata kibarua cha kujaza fomu. Kikundi cha vijana watano, wenye vipaji kwelikweli, walifika na gari lenye spika. Mada ilikuwa mimba za utotoni. Hati ya mchezo ilikuwa imetoka mjini ikiwa imeshapigwa muhuri. Msichana anapenda chipsi mayai na simu; mchimbaji aliyepata mawe anamnunulia; msichana anapata mimba, anaacha shule, analia. Mshereheshaji anauliza, 'Tumejifunza nini?' Watoto wanapiga kelele jibu ambalo wameshalisoma kwenye fulana.

Mama mmoja, muuza uji, aliomba kipaza sauti. Akasema binti yake hakupata mimba kwa sababu ya chipsi. Alikuwa anafanya kazi karasha, usiku, kwa sababu baba yao alifukiwa duarani, na aliyempa mimba ndiye mwenye karasha, na mtu huyo anajulikana. 'Mbona kwenye mchezo wenu hayumo?'

Nimesoma kurasa nyingi sana za nadharia ya tamthiliya. Hakuna iliyonifundisha kama ukimya ule. Umati mzima uligeuka kumtazama yule mama, wengine wakasogea, ikawa kama Bagika na Bagalu, watu wanahamia upande wenye ngoma. Pale pale ndipo tamthiliya ilipoanza. Mshereheshaji akasema, 'Swali zuri sana mama yangu, tutalijibu mwishoni,' akachukua kipaza sauti na kumkaribisha mgeni rasmi. Mwishoni kulikuwa na muziki na kugawa fulana. Fomu yangu ilikuwa na safu za idadi ya waliofikiwa: wanaume, wanawake, watoto. Nilizijaza. Haikuwa na safu ya swali lililoulizwa.

Wale vijana siwalaumu hata kidogo. Walikuwa na posho ya siku moja na hati isiyoruhusu kuongeza neno. Mmoja wao aliniambia kwenye gari kwamba alitamani kumwingiza mwenye karasha kwenye mchezo, lakini mwenye karasha ndiye aliyetoa uwanja na viti.

Ni rahisi kusema hili ni la wafadhili na ni la siku hizi. Si kweli, na Mlama mwenyewe ni shahidi. Baada ya uhuru, serikali ilianzisha wizara ya utamaduni mwaka 1962 kwa maneno mazuri ya kurudisha ngoma zetu. Baada ya Azimio, ngonjera zikaenea, vikundi vya ngoma vikaundwa mashuleni, viwandani na jeshini, na sehemu kubwa ya kazi yao ikawa kupokea viongozi na kuimba sera. Mwaka 1985, katika jarida la Utafiti, Mlama aliandika makala ya kuichunguza sera ya utamaduni ya Tanzania na nafasi ya sanaa katika ujenzi wa ujamaa. Lihamba naye, mwaka huohuo, alikamilisha Leeds tasnifu yake kuhusu siasa na tamthiliya nchini baada ya Azimio la Arusha. Hawa hawakuwa watu wa kushangilia tu. Walikuwa wanauliza mapema nani ameshika hati. Zamani aliyeishika alikuwa chama. Leo ni mfadhili. Rangi ya fulana ndiyo iliyobadilika, na muuza uji bado anaambiwa asubiri mwishoni.

Linganisha na majirani. Kule Kamiriithu, Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na wanakijiji wa Limuru walitengeneza mchezo wao kwa Kigikuyu mwaka 1977. Serikali ikaupiga marufuku, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Machi 1982 polisi wakalibomoa jukwaa la wazi ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao. Mwaka huohuo kazi ya Malya inaanza. Dunia nzima inaijua Kamiriithu, na inastahili kujulikana. Ila nashangaa kwamba hata sisi, watu wa tamthiliya ya Kiswahili, tunaitaja Kamiriithu haraka kuliko Malya. Pengine tunahitaji tingatinga ndipo tuamini kwamba jambo lilikuwa zito. Tanzania haikuleta tingatinga Malya. Ilisahau tu, na huku kwetu baadaye tukaletewa ruzuku, na kitu kinachokufa kwa ruzuku hakipigi kelele.

Sehemu ya kosa ni ya lugha pia, na hapa namtetea kwa nguvu zote. Mwaka 1990 aliandika kuhusu changamoto za mwandishi wa Kiafrika anayetunga kwa lugha yake. Alijua bei. Ukiandika kwa Kiswahili, watu wa kutoa tuzo kubwa za nje hawakuoni, na orodha za 'waandishi wakuu wa tamthiliya Afrika' zinakuruka kutoka Soyinka hadi Aidoo. Ghana wana Efua Sutherland, aliyeanzisha Ghana Drama Studio na baadaye kushiriki kujenga nyumba ya hadithi, Kodzidan, kijijini Atwia. Ukisoma masomo ya tamthiliya popote duniani utakutana naye. Mlama ni wa daraja hilohilo. Tofauti ni kwamba yeye aliamua kusikika kwanza Patata.

Nilisema waliofunga mlango ni pamoja na sisi wa fasihi, basi tusijifiche nyuma ya mashirika. Angalia tulivyolelewa. Kidato cha tatu na cha nne, tamthiliya zilizotufikisha kwenye mtihani ni Ngoswe ya Edwin Semzaba, Orodha ya Steve Reynolds na Kilio Chetu. Kilio Chetu kinahusu vijana, mimba na ukimwi, na mwandishi wake juu ya jalada ni Medical Aid Foundation. Sisemi vitabu hivyo ni vibaya. Darasani kwetu Orodha iliwaliza watu. Nasema kwamba mtoto wa Tanzania anakutana na tamthiliya kwa mara ya kwanza kama dawa: meza, kisha eleza umepona nini. Akifika kidato cha tano na kupewa Nguzo Mama, anaisoma kwa macho yaleyale, anatafuta kidonge. Halafu anahitimu, anaajiriwa na shirika, anaandika hati ya mchezo wa chipsi mayai. Mnyororo huo hauna adui yeyote wa kumnyooshea kidole. Una silabasi tu.

Najua nitajibiwa vipi. Nitaambiwa kwamba bila mashirika hakuna mtu angefika kwenye huo mnada, na kwamba hata Mlama alifanya kazi na wafadhili. Ni kweli tupu. TUSEME, mradi alioufungua na Lihamba mwaka 1996 ili wasichana wa sekondari watumie sanaa kusema yanayowakwamisha, haukuishi kwa hewa. Baadaye aliongoza FAWE, shirika la Nairobi linalopigania elimu ya wasichana Afrika, na TUSEME ikavuka mipaka pamoja nalo. Sina ugomvi na fedha. Lakini soma jina la mradi. Ni kitenzi, na mtendaji wake ni sisi. Msichana ndiye anayesema, na anayotaja yanaweza kuwa ya mwalimu, ya mzazi au ya mwenye duka aliye jirani na shule. Mradi ambao hauko tayari kusikia hivyo unaweza kuwa na fedha za aina yoyote, utabaki tangazo.

Nitaambiwa tena: je, Malya ilizuia mimba? Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2010 zilionyesha kwamba mkoani Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufika 18, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Hilo ni karibu miaka thelathini baada ya Malya, na ni kwa majirani zake. Basi sanaa ilisaidia nini?

Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa hao asilimia 59 nimekaa nao dawati moja. Jibu langu ni kwamba tunaipima kazi moja ya kijiji kimoja kwa mzigo wa nchi nzima, wakati nchi nzima ilikuwa inavuta upande wa pili. Kwa miongo mingi msichana mwenye mimba alifukuzwa shule. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba akipata mimba harudi tena darasani, na watu wakapiga makofi. Hadi Novemba 2021 ndipo serikali ilipobadili msimamo na kuruhusu warudi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono ushindi huo mwaka 2019. Weka tarehe hizo mezani. Wanakijiji wa Malya walikaa kujadili kwa nini wanafunzi wanapata mimba na nani anahusika mwaka 1983. Vyombo vya dola vilihitaji miongo mitatu na zaidi kukaribia mazungumzo hayo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama Malya ilifanikiwa, mtu aulize ni nani alikuwa anasikiliza.

Vijana wengi wanaoandika sasa wanamfahamu Profesa Mlama kwa sura nyingine, ya mwenyekiti wa kamati ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tunamwona akisoma majina, tunapiga picha, tunatuma miswada. Nami natuma. Tuzo ni jambo jema na ilichelewa kuja. Ila kuna kitu cha kuchekesha, kama hakikuumi, katika kumwona mtu aliyekwenda kijijini mikono mitupu akizungukwa na sisi tuliobeba bahasha, kila mmoja na jina lake kubwa juu.

Ninachotaka ni vitu vichache tu na vyote vinawezekana. Nataka Malya iingie kwenye silabasi ya fasihi kama tamthiliya, si kama maelezo ya chini. Nataka kitabu cha 1991 kitafsiriwe, kwa sababu ni aibu kwamba mwanakikundi wa sanaa wa Kahama hawezi kukisoma. Nataka shirika lolote linalofanya maonyesho katika ukanda wa dhahabu liwe na safu katika fomu yake ya maswali yaliyoulizwa na jina la aliyezuia yasijibiwe. Shinyanga tuna uwanja wa Kambarage, na Stand United wakicheza tunaujaza. Sijaona sababu uwanja huo usibebe Nguzo Mama jioni moja, na nguzo ikibaki chini, kipaza sauti kiende kwa watu na kisirudi haraka.

Na kwa wenzangu wa uzamili, mliorundikana kwenye dhamira za Nguzo Mama kana kwamba zitaisha: msichana aliyekuwa na miaka 14 Malya mwaka 1983 sasa amevuka 55. Huenda ana wajukuu wa umri ule aliokuwa nao yeye. Huenda alicheza, au alikuwa mmoja wa waliojadiliwa, au alikaa nyuma na kukataa kusema. Anajua onyesho lile liliishia wapi, na hilo halimo katika kitabu chochote. Mwenye nauli aende mwezi huu. Asinisubiri mimi nimalize sura ya pili.